Sosi Niliyompikia Binti Yangu

Sosi ya nyama choma nilifundishwa na mtoto wa watu. Alikuwa binti wa nyumba niliyofanyia kazi Uarabuni, umri wake miaka kumi hivi, na ndiye aliyenishikia simu mbele ya jiko ili nimtazame mzungu mmoja mwenye aproni akichemsha nyanya, sukari na siki mpaka vikawa kitu kizito cha rangi ya kahawia. Nilipoijaribu mara ya kwanza alisema inanuka soksi. Mara ya pili akasema ni dawa ya kikohozi, akaisukuma sahani mpaka ukingoni mwa meza, nami nikaiwahi isianguke, maana ikianguka ningeokota vipande mimi. Nilirudia kila Ijumaa. Siku moja akachovya nyama, akachovya tena, akaondoka, na bakuli likabaki jeupe. Nikajua nimeiweza.

Nyumba ile niliikalia miaka sita. Binti yangu mwenyewe nilimwacha kijijini Buteba kwa dada yangu, akiwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ukaisha nikaongeza mwingine, kisha mwingine tena, kila mara nikijiapiza kwamba huu ni wa mwisho. Asitokee mtu leo wa kunifundisha kwamba ningerudi mapema. Hayo nimefundishwa vya kutosha na watu ambao hawakuwahi kumnunulia mtoto huyo hata daftari.

Tulikuwa tukionana kwenye simu siku za Jumapili. Dada angemwita, naye angekuja na kujaza kioo chote kwa pua na jicho moja, anisalimie, anijibu kila nilichomuuliza, kisha arudi kucheza. Aliniita mama mdogo. Dada ni mkubwa wangu, kwa hiyo wanawe wawili waliniita hivyo, na binti yangu akaokota neno lililokuwa midomoni mwa wenzake. Mama kwake alikuwa dada yangu. Mara ya kwanza nilicheka, dada naye akacheka, akasema mtoto ataacha akipata akili. Akili akaipata, lakini hakuacha.

Niliporudi nilikuwa na jambo moja tu kichwani, kumchukua mtoto wangu. Nilipanga vyumba viwili Busia mjini, nyuma ya ofisi za mawakala wa forodha, nikanunua kitanda kidogo na neti ya mbu, nikatundika pazia lenye vipepeo. Nilimpigia dada nikamwambia kila kitu kiko tayari. Dada akasema, kwa ule upole wake ambao umenikera tangu utotoni, kwamba mtoto hanijui. Nije nikae nao Buteba wiki mbili, anizoee, halafu tumsikie yeye mwenyewe anataka nini. Nikasema basi, nitakuja kuwatembelea tu. Niliingia katika zile wiki mbili kama mtu anayeingia kwenye chumba cha mtihani, na aliyekaa mbele akiangalia saa alikuwa dada yangu.

Binti yangu alinipokea mlangoni akiwa amepakwa mafuta mpaka magotini. Alipiga magoti, akanisalimia kwa mikono miwili, akaupokea mkoba wangu. Nilipewa kiti chenye mto na kikombe chenye kifuniko. Nilipotoka kuoga nilikuta ndala zangu zimesuguliwa na kuanikwa. Kila asubuhi aliniletea maji ya uvuguvugu ya kunawa uso, akasimama pembeni na taulo mpaka nimalize. Nilimwandikia rafiki yangu wa Uarabuni kwamba mtoto ananipenda ajabu, hataki hata niinuke kitini.

Jumapili ya mwisho shemeji alichinja nguruwe. Wanawe wote wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mezani tungekuwa mimi, dada, shemeji, binti yangu na mke na mume kutoka kanisani kwao. Nilitangaza kwamba sosi nitapika mimi. Wengine waliona ni maringo ya mtu aliyepanda ndege, na labda kidogo yalikuwa maringo. Lakini sababu hasa ilikuwa nyingine. Kila mtu mzima ninayemjua ana chakula kimoja anachokisema akimtaja mama yake. Mimi mtoto wangu hakuwa na chakula changu hata kimoja. Nilitaka siku ile apate kimoja, na tukiwa bado tumekaa mezani niwaambie kwamba kesho naondoka naye.

Nilianza maandalizi siku tatu kabla. Ukwaju nilikwenda kuutafuta kwetu Petta, kule tulikozaliwa mimi na dada, kwa sababu wa sokoni huwa umekauka. Sukari nguru nilivuka kuinunua ng'ambo, upande wa Kenya, na mwenye kibanda alinikatia kipande kilichokuwa bado na harufu ya moshi wa jiko la miwa. Kopo la pilipili iliyokaushwa kwa moshi lilikuja na mimi katika sanduku, limefungwa ndani ya soksi. Kule sosi hii ilikuwa ya kuku na kondoo. Mwajiri wangu wa Uarabuni angejua kwamba sosi yake imeishia kwenye nguruwe wa Buteba angezimia pale pale sakafuni.

Asubuhi ile, wenzetu wakiwa kanisani, tulibaki jikoni mimi na binti yangu. Nilichoma nyanya juu ya makaa mpaka maganda yakapasuka, nikazimenya zikiwa moto. Nikakaanga vitunguu taratibu mpaka vikawa vya kahawia, nikatia vitunguu saumu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda akitoa mbegu kwenye ukwaju niliouloweka, vidole vyake vimejaa ute mweusi. Nikamwonyesha namna ya kuukamua kwenye kichungi cha chai. Nikamwambia sukari nguru haitupwi nzima ndani, inakwanguliwa kwa kisu, na kwamba ukiacha kukoroga hata ukapiga chafya tu, chini inashika. Aliitikia kila neno. Nilikuwa na furaha mpaka naona aibu kuikumbuka.

Sosi iliiva vizuri. Iliganda kwenye mwiko na kudondoka kwa uvivu, ila ilikuwa tamu kupita kiasi, ikihitaji siki kidogo ya kuikata. Kichupa changu cha siki kilikuwa kimeisha. Macho yalikuwa yakinitoka machozi kwa moshi na pilipili, pua imeziba. Dirishani nikaona chupa yenye lebo ya siki, nusu yake ina maji ya kahawia. Nikaishika, nikamimina bila kupima, kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Binti yangu aliitazama chupa, akaitazama sufuria, kisha akanitazama mimi. Nikamtabasamia.

Sosi ikachachamaa. Povu la kahawia lilipanda kutoka chini kama maziwa yanayochemka, likavuka ukingo, likamwagikia makaa, na jiko zima likajaa moshi na majivu. Niliishika sufuria kwa pindo la gauni na kuiweka chini. Nikainusa ile chupa sasa, kwa karibu. Ulikuwa munyu.

Munyu ni maji ya majivu. Unachoma maganda na mabua makavu ya maharage, unatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, unamwagia maji, nayo yanachuruzika kahawia tone kwa tone. Ndiyo tunayotilia kunde na mrenda zilainike. Hayachanganywi na kitu kichachu, yanatoa povu na kuua ule uchachu. Mimi niliyezaliwa Petta, niliyechoma maganda ya maharage kabla sijajua kuandika, nilisahau kwamba katika jiko la mwanamke wa kwetu chupa ya maji ya kahawia dirishani ni munyu, iwe ilinunuliwa ikiwa na siki, soda au dawa ya chawa. Hakuna anayehitaji kuuliza. Miaka sita ugenini ilikuwa imenifundisha kuamini lebo.

Nikaonja. Ukwaju ulikuwa umekufa, nyanya zimepoteza rangi, na kilichobaki kilikuwa utelezi wa sabuni na uchungu nyuma ya ulimi. Mtu mwenye akili angemwaga. Mimi nilikwangua sukari nguru yote iliyobaki, nikaongeza chumvi na pilipili, nikaimimina kwenye bakuli bora la dada na kuipeleka mezani. Kiburi ndicho kilichonibeba, na sijui hata leo kama nina kitu kingine cha kunibeba.

Shemeji alichovya mara moja, akasogeza nyama zake upande wa pili wa sahani na kuomba chumvi. Mgeni wa kike akauliza kama Waarabu ndivyo wanavyokula. Mumewe akasema labda ndiyo maana wanatafuta wapishi mbali, wakacheka wote watatu. Dada hakucheka. Aliinuka, akakatakata nyanya na vitunguu na pilipili mbichi, akaleta kachumbari mezani. Ningeshukuru sana kama angecheka.

Ila binti yangu alikula. Alichovya kila kipande, akakigeuza ndani ya sosi kikaenea pande zote, akatafuna na kumeza. Nyama ilipoisha alimega ugali wa muhogo na wimbi akapangusa bakuli lake mpaka likang'aa. Kisha akanawa mikono, akanigeukia mbele ya watu wote na kusema, "Asante mama mdogo, ilikuwa tamu."

Nawaambia ukweli, sijawahi kupendwa hivyo na mtu. Nilijiambia kwamba damu imesema. Watu wazima watatu wananicheka, na mtoto wa miaka minane amekaa upande wangu na kula uchafu ule hadi mwisho ili nisiaibike. Nikapata ujasiri palepale, nikasema kwamba kesho naondoka naye kwenda kukaa mjini. Dada akamuuliza mtoto kama anataka kwenda na mama mdogo. Mtoto alimtazama kwanza dada, akanitazama mimi, akasema, "Kama mama mdogo anataka."

Nikasema mmemsikia. Dada akaweka sahani yake chini, akaingia ndani kukunja nguo za mtoto. Nguo zenyewe zilikuwa chache, na alikaa humo ndani mpaka wageni wakaaga na kuondoka.

Mjini tulianza vizuri. Nilimwandikisha shule tunayoweza kuifikia kwa miguu, tukipita kando ya malori yanayosubiri kuvuka. Nikaanza kumpikia sosi mchoma nguruwe mmoja wa karibu na stendi, na wateja wake wakaipenda, kwa hiyo kila Jumamosi chumba kilinuka ukwaju. Mtoto hakunipa shida hata siku moja. Aliamka kabla yangu. Alitandika kitanda chake kikawa hakionyeshi kwamba kuna mtu aliyelala. Majirani walinisifia, nami nikazipokea zile sifa kama zangu.

Jumamosi moja nilimwagiza anipe siki. Akaishika chupa, akaifungua, akainusa kwanza kabla ya kunipa. Nikacheka, nikamwambia asiogope, hii si ile ya Buteba. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ile ilikuwa munyu. Nikamwambia najua, sote tuliujua baadaye. Akatikisa kichwa.

"Mimi niliona," alisema. "Wakati ulikuwa unashika chupa, niliona ni munyu."

Nikauliza mbona hakuniambia.

"Mama alisema mgeni akikosea hatumwambiangi, atasikia haya. Na chakula ya mgeni tunakula yote, tunasema asante."

Mwiko ulikuwa mkononi na sosi ilikuwa ikishika chini, nikanusa inavyoungua, nisikoroge. Nikamuuliza, na sasa, hapa tulipo, mgeni ni nani? Hakuliona swali kuwa gumu. Alifikiri kidogo, kama anavyofikiri akiulizwa hesabu, kisha akanijibu kwa adabu zake zote.

"Hapa ni kwako. Hapa mgeni ni mimi."

Siku ile ndipo nilipoelewa ndala zilizosuguliwa na maji ya uvuguvugu na taulo. Nilimkumbuka pia yule mtoto wa Uarabuni, sahani yake ikisukumwa ukingoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yule alikuwa ananifanyia kitu ambacho mtoto humfanyia mtu wa nyumbani kwake. Nilikuwa nimemchukia kwa hilo. Wangu hajawahi kusukuma hata kijiko.

Nilimpigia dada hapohapo, nikamfokea. Nilimwambia amenitengenezea mtoto wa kunihudumia kama mwenye hoteli, kwamba alijua anachofanya, kwamba amenipa mwili na kubaki na mtoto. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ulisema unakuja kututembelea," akasema. "Nikamfundisha kukupokea. Ungetaka akupokee vibaya?"

Nilikata simu. Nilikuwa nimesema hivyo kweli, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba nakuja kutembea, kwa hofu kwamba nikizidi kumdai mtoto atamficha.

Tangu hapo nimefanya kila ninachojua. Nimemwambia aniite mama. Anasema ndiyo, na kwa siku mbili tatu haniiti chochote. Nimemuuliza kama anataka kurudi Buteba, nikamwapia kwamba sitakasirika, na kweli nisingekasirika, ningekufa tu kidogo. Anasema kama mama mdogo anataka. Nimemuuliza kama anataka kubaki hapa. Anasema kama mama mdogo anataka. Mtoto mkorofi ungemjua kwa ukorofi wake. Huyu wangu amejifunika adabu mpaka sioni pa kumshika, na kila nikijaribu kuifunua namwona anazidi kuwa mwema.

Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo sitamwambia mtu kanisani. Nilipika sosi ya kupeleka kwa mchomaji, ikatoka vizuri kuliko zote, nikamchotea binti yangu bakuli lake kwa chakula cha mchana. Kabla ya kumpa nikatia ndani ya bakuli hilo chumvi, kijiko cha kulia kizima, halafu kingine, nikakoroga. Nilitaka akunje uso. Nilitaka ateme, alie, aniambie nimeharibu chakula, aisukume sahani ianguke sakafuni niokote vipande kwa magoti, na ningeviokota nikiimba.

Alikaa mkekani, akasali, akachovya. Niliona shavu lake likisita kidogo. Kisha akatafuna, akameza, akachovya tena. Nilikaa mbele yake nikishikilia magoti yangu, nikitaka kumnyang'anya bakuli, na sikumnyang'anya, kwa sababu kila tonge nilidhani ndilo litakalomshinda. Alimaliza nyama, akapangusa bakuli kwa ugali. Akanawa, akakausha mikono, akaniambia asante mama mdogo, ilikuwa tamu.

Akabeba vyombo nje kuviosha. Nilimfuata mpaka dirishani. Aliviweka chini taratibu visigongane, akageuka kuangalia mlango kama namwona, halafu akaenda nyuma ya tangi la maji, akachuchumaa, akanywa vikombe vitatu vya maji mfululizo.